Kuhesabu seli za damu klinikini: jicho, mashine ya umeme au programu ya picha?

Anayetaka kununua programu ya kuhesabu seli za damu kwa picha huanza na swali la usahihi: inapatia kwa asilimia ngapi? Muuzaji analijua swali hilo na jibu lake limekwisha kuchapwa kwenye kipeperushi: tuseme, asilimia 98. Uliza kwanza jingine: damu iliyomo kwenye picha hiyo ni kiasi gani? Akiweza kutaja ujazo wake kwa mikrolita, kifaa chake kinahesabu. Asipoweza, kifaa chake kinatambua seli na kuzigawa mafungu. Hiyo nayo ni kazi yenye faida, lakini ni kazi nyingine, na peke yake haimalizi kipimo cha picha kamili ya damu, yaani hesabu ya seli zote kuu za damu.

Chukua wagonjwa wawili. Wa kwanza ana seli nyeupe 6,000 kwa mikrolita, wa pili ana 1,000. Ukipaka damu zao kwenye slaidi, ukazitia rangi na kuhesabu seli nyeupe 100 kwa kila mmoja, tuseme unapata nyutrofili (aina ya seli nyeupe inayopigana na bakteria) 50 kwa wote wawili. Programu itaandika asilimia 50 mara mbili, na itakuwa imepatia. Ila wa kwanza ana nyutrofili 3,000 kwa mikrolita, hana neno. Wa pili ana 500, kiwango ambacho maambukizi madogo yanaweza kumuua. Slaidi haijui ilibeba damu kiasi gani, kwa sababu unene wa damu iliyopakwa kwa mkono hubadilika kutoka mwanzo wa slaidi hadi mkiani. Jicho zoefu lingeshtuka kuona seli nyeupe zimeadimika hivyo. Lakini kushtuka si hesabu.

Kwa hiyo katika ulinganisho huu kila kifaa nakipima kwa maswali mawili: kinajua ujazo? na kinaona umbo la seli? Vichache vinajibu ndiyo kwa yote mawili.

Chemba ya Neubauer

Chemba inajua ujazo, na ndiyo maana haijafa. Ni kioo kizito chenye mistari iliyochongwa. Kila mraba mkubwa una upande wa milimita 1, na kina chake chini ya kioo kifuniko ni milimita 0.1. Kwa seli nyeupe, damu inazimuliwa mara 20 kwa maji ya Türk: asidi inapasua seli nyekundu, rangi inaonyesha viini. Unahesabu miraba minne ya pembeni, unazidisha kwa 50, basi. Seli inayogusa mstari wa juu au wa kushoto unaihesabu, inayogusa wa chini au wa kulia unaiacha, la sivyo ile ya mpakani itahesabiwa mara mbili. Kwa mtu mwenye seli 6,000, miraba hiyo minne itakuwa na seli kama 120 kwa jumla.

Hapo ndipo penye mtego ambao wauza programu hawautaji. Ukihesabu vitu 120 vilivyotawanyika ovyo, bahati peke yake inakuyumbisha kwa takriban seli 22 juu au chini, yaani asilimia 18, kwa kipimo cha takwimu cha asilimia 95. Yaani mgonjwa huyo huyo anaweza kusomeka 4,900 asubuhi na 7,100 mchana bila mtu yeyote kukosea, na hapo hatujagusa pipeti iliyovuta hewa wala chemba iliyojazwa kupita kiasi. Programu ya picha ikiwekwa juu ya chemba hiyo na kuhesabu miraba hiyo minne inarithi kosa hilo lote. Haichoki, haipotezi hesabu mtu akiita mlangoni, lakini seli ni zile zile 120. Faida yake ya kweli ni kwamba kuhesabu miraba yote tisa hakuigharimu kitu. Seli zinakuwa kama 270, na yumbo linashuka hadi takriban asilimia 12. Ukiuziwa programu ya chemba isiyovuka miraba minne, umenunua kasi tu.

Seli nyekundu kwenye chemba, kwa jicho au kwa programu, mimi nisingezihangaikia. Himoglobini, kile kinachobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu, ikipimwa vizuri inamjibu daktari swali lake karibu lote.

Mashine ya umeme

Mwaka 1953 Wallace Coulter alipata hataza ya Marekani kwa njia ambayo bado inaendesha mashine nyingi za damu duniani. Damu iliyozimuliwa katika maji ya chumvi inapita kwenye tundu dogo sana lenye mkondo wa umeme. Kila seli inayopita inazuia umeme kidogo. Ikiwa kubwa, inazuia zaidi. Mashine inahesabu maelfu ya seli kwa muda mfupi, katika ujazo unaojulikana, na ile bahati iliyotuyumbisha kwenye chemba inabaki asilimia chache tu. Kwa idadi tupu ya seli nyeupe, nyekundu na chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda), sioni sababu ya kliniki yenye wagonjwa wengi kuchagua kitu kingine.

Ila haioni. Inapima ukubwa, na ukubwa una udanganyifu wake. Kwa baadhi ya watu, dawa ya EDTA inayozuia damu kuganda kwenye kichupa huzifanya chembe sahani zishikane mafungu mafungu. Fungu zima linapita tunduni kama kitu kimoja, mashine inaandika chembe sahani 40,000, na mtu mzima wa afya anaanza kuogopwa kwamba atavuja damu. Vipande vya seli nyekundu zilizovunjika huhesabiwa kuwa chembe sahani, hivyo mgonjwa aliyepungukiwa anaonekana hajambo. Seli nyekundu changa zenye kiini zinaweza kuingizwa kwenye hesabu ya seli nyeupe. Na mashine ndogo, zile zinazogawa seli nyeupe mafungu matatu kwa ukubwa tu, zinaweza kuificha blasti (seli changa isiyokomaa) ya saratani ya damu ndani ya fungu la katikati au la limfosaiti, seli nyeupe ndogo. Nzuri kati ya hizo hupiga alama ya tahadhari, na alama hiyo maana yake ni moja: mtu apake slaidi aangalie.

Gharama yake haiishii kwenye kununua. Vitendanishi, yaani kemikali za kipimo, ni vya kampuni ile ile, damu ya udhibiti (yenye majibu yanayojulikana) inapitishwa kila siku ya kazi, tundu huziba, na umeme ukikatika katikati ya usafishaji utajua.

Skana ya slaidi yenye programu

Hapa ndipo uoni wa kompyuta ulipoingia hospitalini mapema. CellaVision, kampuni ya mji wa Lund nchini Sweden iliyoanzishwa 1994, ilijenga mashine inayotafuta seli nyeupe kwenye slaidi iliyotiwa rangi, kuzipiga picha kwa lenzi ya mafuta na kuzipanga kwenye skrini kwa makundi: nyutrofili huku, limfosaiti kule. DM96 yao inapakiwa hadi slaidi 96. DC-1, iliyotengenezwa kwa maabara ndogo, inachukua slaidi moja moja. Scopio Labs ya Israeli walikwenda njia nyingine: X100 yao inapiga eneo pana la slaidi lote kwa ukuzaji mkubwa, ili msomaji aweze kuzunguka humo kama aliye kwenye hadubini, badala ya kuona seli zilizokatwa moja moja.

Makundi haya yanayopangwa na mashine ni mapendekezo. Mtaalamu wa maabara ndiye anayethibitisha, anayehamisha seli iliyowekwa kundi lisilo lake, na ndiye anayetia sahihi. Kwa hiyo usipige hesabu ya kupunguza mtu; piga ya kumwondolea mtu shingo inayouma na kumwezesha kusoma slaidi nyingi zaidi. Kuna faida nyingine ambayo kwa maoni yangu inazidi kasi: watu wawili wanaweza kubishana juu ya seli ile ile. Kwenye hadubini, ukimwita mwenzako aione seli uliyoitilia shaka, slaidi ikisogea kidogo imekwenda. Kwenye skrini ipo, na bingwa wa damu aliye mji mwingine anaweza kuifungua usiku huo huo.

Faida ya tatu ni ya takwimu. Eosinofili, aina nyingine ya seli nyeupe, zikiwa asilimia 5 kwa seli 100 zilizohesabiwa, ukweli unaweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 2 na 11. Kwa seli 1,000 mpaka unabana, kama 4 hadi 6.5. Mtu hahesabu seli 1,000 kwa kila mgonjwa, mashine haijali.

Udhaifu wake uko kwenye slaidi, na hapa fedha haisaidii. Damu iliyopakwa nene, rangi ya Leishman iliyokaa muda mfupi, maji ya kusuuzia yenye asidi au magadi kupita kiasi: programu inaona rangi ambayo haikufundishwa. Halafu kuna mkia wa slaidi. Seli kubwa na mafungu ya chembe sahani hupenda kujikusanya huko, na mifumo mingine haifiki kabisa. Yule mgonjwa wa EDTA mwenye chembe sahani 40,000 za uongo angeokolewa na mtu aliyesogeza slaidi hadi ukingoni.

Vifaa vya katriji

Hivi ndivyo vichache vinavyojibu ndiyo mara mbili. Siri yao ni kwamba damu inaingia kwenye katriji, kifuko kigumu cha kutumia mara moja chenye chumba chembamba cha kina kinachojulikana, kisha ndipo inapigwa picha. HemoCue WBC DIFF inachukua mikrolita 10, inapasua seli nyekundu, inatia rangi seli nyeupe na kutoa idadi pamoja na mgawanyo wa aina tano ndani ya dakika 5. OLO ya Sight Diagnostics inatumia matone mawili ya damu na rangi zinazong'aa chini ya mwanga maalumu, inatoa hesabu kamili ikiwa na seli nyekundu na chembe sahani, na ilipata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mwaka 2019.

Hakuna ndoo ya vitendanishi, hakuna tundu la kuziba. Badala yake unafungwa kwenye katriji: shehena isipofika, kifaa ni pambo la mezani. Na damu ya kidoleni ina mambo yake. Tone la kwanza linafutwa, kidole hakikamuliwi. Ukikamua, maji ya mwilini yanachanganyika na damu na namba zote zinashuka pamoja, bila alama yoyote ya kukuonya. Kifaa kinachotoa seli nyeupe tu kisinunuliwe na kliniki ambayo swali lake kubwa ni upungufu wa damu. Hilo linaonekana wazi, lakini hununuliwa hivyo.

Simu juu ya hadubini

Njia hii ndiyo yenye kelele nyingi mtandaoni, tena ndiyo rahisi kuijaribu: hadubini ipo, simu ipo, kishikizo cha kuibana simu kwenye lenzi ya jicho ni cha bei ndogo, na programu ni bure. ImageJ ya NIH, taasisi za utafiti wa afya za Marekani, CellProfiler ya Broad Institute na Cellpose zote zinapakuliwa bila malipo na zinafanya kazi nzuri. Ni zana za utafiti, lakini. Jibu la mgonjwa linahitaji kitu kilichosajiliwa kwa ajili ya uchunguzi, na mkaguzi wa maabara atakuuliza hilo kabla ya kuangalia picha zako.

Kinachoziangusha programu hizi ni vitu vidogo. Kamera ya simu hujirekebisha rangi na mwanga yenyewe kila inaposogezwa, hivyo seli ile ile inatoka zambarau kwenye picha moja na ya kijivu kwenye inayofuata. Funga mwanga, funga rangi, funga fokasi, halafu ndipo uanze. Ukisogeza slaidi kwa mkono, sehemu ya picha ya pili inarudia ya kwanza. Programu isiyounganisha picha itaihesabu seli moja mara mbili. Halafu kuna seli zinazolaliana. Programu nyingi za jamii ya YOLO, zinazotafuta vitu kwenye picha, huchora kisanduku kuzunguka kila seli, na visanduku viwili vikipandana sana hufuta kimoja zikidhani zimeona kitu kimoja mara mbili. Kwa magari barabarani hiyo ni busara. Kwa seli nyekundu zilizopangana kama safu ya sarafu, ni seli zinazopotea moja baada ya nyingine. Ndiyo maana picha ichukuliwe pale seli zilipolala moja moja, na programu nzuri ikatae eneo lenye msongamano badala ya kulikadiria.

Angalia pia chembe sahani iliyokaa juu ya seli nyekundu. Ina duara jepesi pembeni, kitone cheusi katikati, na programu ya malaria inaweza kuiita kimelea. Punje za rangi ya Giemsa isiyochujwa nazo huhesabiwa kuwa chembe sahani bila aibu.

Ningeitumia simu kwenye chemba. Huko ujazo unajulikana, seli ni chache, zina rangi moja, na hata njia za zamani za kutenganisha kwa kizingiti cha rangi zinatosha. Kwenye slaidi ya kupakwa ningeiachia kazi ya kufundishia wanafunzi na kutuma picha kwa bingwa.

Ile asilimia 98

Sasa turudi kwenye kipeperushi. Tuseme slaidi ina seli nyeupe 1,000, na 10 kati yake ni blasti. Programu isiyoijua blasti kabisa, inayoziita zote limfosaiti na kupatia zilizobaki, itakuwa na usahihi wa asilimia 99. Imekosea zile tu zilizomleta mgonjwa maabara. Kwa hiyo usikubali namba moja ya jumla. Omba namba ya kila aina ya seli: kati ya blasti zilizokuwepo ilikamata ngapi, na kati ya ilizoziita blasti ngapi zilikuwa kweli.

Uliza pia ilifundishwa kwa picha zipi. Mkusanyiko maarufu wa BCCD una picha 364 tu. Unafaa mwanafunzi kujifunzia. Ule wa Hospital Clínic ya Barcelona una seli 17,092, zilizopangwa na wataalamu, mzuri sana, lakini zilitoka kwa watu wasio na maambukizi wala ugonjwa wa damu au saratani, na zilipigwa na aina moja ya mashine. Programu iliyosoma hapo peke yake haijawahi kumwona mgonjwa wako.

Ningechagua nini

Kliniki yenye foleni ndefu na umeme wa uhakika: mashine ya umeme, na hadubini nzuri moja yenye mtu anayeijua. Programu ya picha isubiri mpaka slaidi zenye tahadhari ziwe nyingi kuliko macho yaliyopo. Hapo skana inajilipa.

Chumba cha daktari ambaye swali lake ni moja, seli nyeupe zimepanda au la: katriji. Aangalie mkataba wa ugavi kabla ya bei ya kifaa.

Maabara yenye hadubini peke yake haina haja ya kujiona imeachwa nyuma. Kipimo cha himoglobini, chemba yenye kamera na programu inayohesabu miraba tisa, na slaidi inayosomwa na mtu, vinaifikisha mbali. Kwa chembe sahani, wastani wa zinazoonekana kwenye maeneo 10 ya lenzi ya 100 ukizidishwa kwa 15,000 hadi 20,000 unatoa makadirio. Ni ya mkono mzito, lakini yanatosha kuibua mashine iliyodanganywa na EDTA.

Skana kabla ya kuwa na hesabu ya uhakika ya seli ndiyo mpangilio ambao ningeukataa hata ukiletwa kama msaada.

Ukishafika na kifaa kimoja mkononi, omba wiki chache za majaribio kabla ya kulipa. Usipeleke slaidi za wauzaji, peleka zako, na usichague nzuri. Weka nene, weka iliyofifia, weka ya mwezi uliopita. Programu inayostahili itasema haiwezi, ile ya kuogopa itatoa namba safi. Slaidi moja iskaniwe mara mbili, ya pili ikiwa imegeuzwa, uone kama majibu yanakaribiana. Kwa mgawanyo wa seli nyeupe, kipimo cha kulinganishia kinachotumika kimataifa ni seli 400 kwa kila sampuli, wasomaji wawili wakihesabu 200 kila mmoja bila kuonyeshana. Ni kazi ya kuchosha, na bila hiyo utakuwa unalinganisha programu na desturi.

Kwenye mkataba tafuta vitu vitatu: picha za wagonjwa zinakaa wapi na ni mali ya nani, kifaa kinafanya kazi intaneti ikikatika, na nani anaamua lini programu isasishwe. Toleo jipya linaweza kugawa seli tofauti na lile ulilolijaribu, hata kama skrini inafanana. Kila likiingia, rudia jaribio kwa slaidi zile zile kabla ya kutoa jibu la mgonjwa yeyote; kwa hiyo slaidi za jaribio ziandikwe, zifungiwe kabatini, na aliyezoea kuosha slaidi za zamani aambiwe mapema kwamba hizi haziguswi.